Naitwa Madina, nimeulizwa kwa nini nimeitwa mji. Naombeni msaada

Bint Muheza (mleta uzi)

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Juzi nilikuwa kwenye ofisi moja kufuatilia karatasi zangu (ofisi siitaji, bado nina shida nao). Kijana wa kaunta akanijazia fomu kwenye kompyuta, akachapa, akanipa nihakiki. Jina la kwanza kaweka la baba. La mwisho la babu. Mahali pa kuzaliwa: Madina.

Nikamwambia, mdogo wangu, mimi nimezaliwa Muheza. Madina ni mimi mwenyewe. Akaangalia karatasi, akaniangalia mimi, akauliza bila hata kutabasamu: "Sasa dada, kwa nini walikuita mji?"

Nimerudi na hilo swali mpaka nyumbani. Nina miaka 41 na sijawahi kujiuliza.

Ninachokijua ni cha kifamilia tu. Babu mzaa mama alikuwa na michungwa. Kila msimu akishauza, kabla hajalipa hata deni la dukani, anatoa kidogo anatia kwenye kopo la maziwa lililokuwa juu ya kabati. Ya safari ya hija hiyo. Wajomba zangu walikuwa wakiambiwa, "hiyo ni Madina, msiiguse". Yaani kopo lenyewe ndilo lilikuwa Madina. Babu akafariki mwaka mmoja kabla sijazaliwa. Kopo likavunjwa, hela ikatumika kwenye msiba wake. Nilipozaliwa bibi akanipakata akasema, Madina amefika. Basi, jina likakaa.

Sasa naomba kujua: Waarabu wenyewe wanawaita watoto wao hivi? Na nyie wengine wenye majina ya miji, mmeyapataje?

Kobe wa Chole

Nimetandika mkeka mapema. Kahawa iko wapi?

Chuma Chakavu

Hamna kitu hapa dada. Mzazi kasikia neno tamu, kamwita mtoto. Shangazi yangu anaitwa Asia, mbona hatujawahi kumuuliza kama yeye ni bara?

Ustadhi wa Kona

Chuma, umepiga mahali pabaya. Asia ya shangazi yako si bara. Ni Aasiya, mke wa Firauni, yule aliyemlea Nabii Musa. Hiyo ni herufi tu kufanana. Ya dada Madina ni tofauti, yake ni mji kweli.

Dada, nianze na babu yako, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hija yenyewe iko Makka na viunga vyake: Mina, Arafa, Muzdalifa. Madina iko kaskazini, zaidi ya kilomita 400 kutoka hapo, na kwenda huko ni ziara, si nguzo ya hija. Mtu akihiji asifike Madina, hija yake imetimia. Lakini wazee wetu ukiwaambia hivyo walikuwa wanakuona kama umekwenda harusini ukaondoka bila kumwona bibi harusi. Ndiyo maana babu kopo akaliita Madina. Maulidi ya Barzanji yanayosomwa kwetu pwani kila mfungo sita, mtunzi wake alikuwa mtu wa Madina. Watu walikuwa wanausikia huo mji ukitajwa na machozi yanawatoka, hawajauona hata kwenye picha.

Sasa jina. Ule mji zamani ukiitwa Yathrib. Mtume alipohamia mwaka 622 ukawa Mji wa Mtume, halafu kwa kufupisha ukawa "Al-Madina", yaani Mji. Basi. Hilo ndilo neno lenyewe, kila mji kwa Kiarabu ni madina, huu mmoja ndio umepewa "al". Kuna hadithi kwamba Mtume alisema watu wanauita Yathrib, nao ni Madina. Wanazuoni wanaeleza kuwa Yathrib inakaribiana na neno la lawama. Ndani ya Kurani utaliona jina hilo la zamani mara moja tu, sura ya Ahzab aya ya 13, na wanaolitamka pale ni wanafiki.

Swali lako la Waarabu: kwao si jina lililozoeleka la mtoto. Utakutana na akina Madina Somalia, Uganda, Kazakhstan, Chechnya, Dagestan. Pigia mstari, wote hao wako mbali na mji. Aliye karibu na kisima hampi mtoto jina la maji.

Bint Muheza

Ustadhi nakushukuru sana. Ila ngoja nikae chini. Kwa hiyo miaka yote hii mimi naitwa "Mji"?

Chuma Chakavu

Mji wa Muheza. Hahaha.

Mvita Asilia

Salaam kutoka Mombasa. Ustadhi, umesahau moja. Huo mji pia huitwa Taiba, maana yake wenye uzuri na harufu njema. Dada yangu mkubwa ni Twaiba. Nimemtumia huu uzi asubuhi hii, hakuwa akijua kabisa kuwa jina lake ni mji. Sasa amekasirika na baba, asema mbona hakuambiwa miaka yote hiyo. Baba yuko kaburini, ya Rabbi.

Kwa hiyo Bi Madina, wewe na dada yangu ni mji mmoja, majina mawili. Njoo Mombasa tuwapige picha pamoja.

Bint Muheza

Mwambie wifi nakuja. (Nimeshajipa uwifi tayari.)

Marwa wa Masikati

Acheni nitoe langu.

Mimi ni Mkurya wa Tarime. Kwetu Marwa ni mwanaume, na ni mwanaume hasa. Nina ndevu, nina kilo 94. Nimekuja kufanya kazi Oman, huu mwaka wa 6. Kampuni iliyonileta ilipokea majina kabla hatujafika. Nashuka na begi langu usiku, naonyeshwa chumba, nafungua mlango, kumbe ni bweni la wanawake. Kelele zile sitazisahau. Yule msimamizi ananiambia, "Tulijua Marwa ni binti."

Huku Marwa ni binti kweli. Safa na Marwa ni vilima viwili Makka ambavyo watu wa hija na umra hutembea kati yake mara 7, na mabinti wengi huku wanaitwa Safa, wengine Marwa, na pacha wakizaliwa ndiyo kabisa. Marehemu baba aliponipa jina hakuwa na habari na kilima chochote zaidi ya vile vya kwetu anavyochungia ng'ombe.

Najua si mji, lakini naomba nipokelewe kwenye chama.

Kobe wa Chole

Umepokelewa Bi Marwa.

Marwa wa Masikati

Kobe nitakutafuta.

Nesi wa Zamu

Nasoma huu uzi nikiwa zamu ya usiku, wodi imetulia kidogo, kwa hiyo nitaandika kwa vipande.

Mimi ni wa Siaya. Mama yangu ni Florence. Kenya ukitupa jiwe sokoni linampata Florence, hasa wa umri wa mama. Muulize yeyote katoa wapi jina, atakwambia kanisani, au kwa mwalimu, au kwa nesi. Hakuna atakayesema Italia. Ila Florence ni mji, na safari yake mpaka Siaya sisi wauguzi tunaijua maana tunasomeshwa.

Kulikuwa na Waingereza wawili matajiri wamekwenda fungate Ulaya, fungate yenyewe ya miaka. Mtoto wa kwanza akazaliwa Naples, 1819. Wa pili akazaliwa Florence, tarehe 12 Mei 1820. Wakawaita kwa miji waliyozaliwa. Wa pili ndiye Florence Nightingale. Akaenda vita vya Krimea 1854 kuuguza askari, akarudi jina lake limejaa kwenye magazeti yote, mwaka 1860 akaanzisha shule ya wauguzi London. Kuanzia hapo Waingereza wakaanza kuwaita mabinti zao Florence kwa fujo. Wamisionari wakalibeba, wakatuletea na sabuni na bendeji. Tarehe ya kuzaliwa kwake ndiyo Siku ya Wauguzi Duniani hadi leo.

Kwa hiyo mama yangu, ambaye hajawahi kupanda ndege, ana jina la mji wa Italia, kwa sababu kuna wazazi walizalia safarini.

(Naitwa, narudi.)

Chuma Chakavu

Nesi, na yule aliyezaliwa Naples waliitaje? Naples?

Nesi wa Zamu

Nimerudi. La, Chuma, hao walikuwa wasomi. Walimwita Parthenope, jina la Kigiriki la Naples ya zamani. Frances Parthenope. Sasa niambie wewe umeshasikia Parthenope wangapi Kisumu. Dada wawili, kanuni moja ya kupewa jina, mmoja katapakaa dunia nzima na mwingine kabaki kwenye vitabu. Hivi vitu havina haki.

Mzee wa Serdika

Nesi, nikuongezee, usinune. Florence lilikuwepo kama jina la mtu kabla ya huyo nesi wenu, tena la wanaume pia. Kuna mtawa wa kiume wa Worcester, Uingereza, akiitwa Florence, alifariki 1118. Jina na mji vyote vinatoka kwenye neno la Kilatini la kuchanua na kustawi. Nightingale hakulizua, alilifufua akalihamishia kwa wanawake moja kwa moja.

Mimi nina kisa changu. Nilisoma Bulgaria miaka ya themanini, enzi zile za ufadhili wa nchi za kijamaa. Mji mkuu ni Sofia. Nimeondoka hapa Tanzania nimeacha mchumba anaitwa nani? Sofia.

Wiki ya kwanza nimetoka hosteli, naulizwa na bibi mmoja kwenye tramu umetoka wapi, umefika lini. Najitahidi na Kibulgaria changu cha siku tano, nasema nimefika Sofia Jumatatu. Tramu nzima ikacheka. Nikadhani wananicheka rangi, nikawa mkali. Baadaye mwenzangu wa chumbani akanieleza. Kwao mji na mwanamke vinaandikwa herufi zilezile, lakini mji unakazwa mwanzoni, SO-fia, na mwanamke katikati, so-FI-a. Sisi Waswahili tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, hatuna njia nyingine. Kwa hiyo kila nilipotaja mji wao nilikuwa namtaja mwanamke. Nimemfikia Sofia Jumatatu! Yule bibi alikuwa na haki ya kucheka.

Tena huo mji wenyewe haukuitwa kwa mwanamke. Warumi waliuita Serdica, Waslavoni wakauita Sredets, halafu kwenye karne ya 14 ndiyo likaanza jina la Sofia, kutokana na kanisa lililokuwa pale tangu karne ya 6. Na kanisa lile si la mtakatifu fulani wa kike, ni la Hekima Takatifu, maana sofia kwa Kigiriki ni hekima. Lakini watu hawataki hekima isiyo na sura. Siku hizi katikati ya mji, pale alipokuwa amesimama Lenin, wamesimamisha sanamu ya mwanamke, taji kichwani na bundi mkononi. Nilipokuwa pale mimi alikuwepo Lenin na alikuwa hana bundi.

Kauli ya mji wao ni "Unakua lakini hauzeeki". Nilimwandikia mchumba hayo maneno kwenye barua. Sijui kama yalisaidia, maana niliporudi alikuwa ameolewa.

Kobe wa Chole

Mzee pole. Umeelezea historia ya Bulgaria yote ili utuambie umeachwa.

Mzee wa Serdika

Miaka 40 nasubiri uzi wa kuyasemea. Niache.

Pwani Mchanga

Nami nichangie kidogo kuhusu neno madina. Nenda Tunis, Fes au Marrakech, ule mji wa kale wenye vichochoro ndio unaitwa medina, kama sisi tunavyosema Mji Mkongwe. Dakar wana mtaa wa Medina. Accra wana Madina. Hispania kuna Medina del Campo na Medina Sidonia, mabaki ya enzi za Waarabu, na kutoka huko ndiko kuna watu wengi Amerika ya Kusini wenye ukoo wa Medina. Malta nao wana mji wa kale juu ya kilima unaitwa Mdina, wamekula hiyo a ya kwanza. Dada yetu ana ndugu kila bandari.

Mwalimu Mstaafu

Nilifundisha Kiswahili miaka 31, kwa hiyo mtanisamehe nikichukua chaki.

Kwanza, dada Madina, usihuzunike kuitwa Mji. Neno letu "utamaduni" limetoka kwenye Kiarabu tamaddun, na tamaddun imetoka kwenye madina. Ni kuishi kimji, kistaarabu. Wapo wataalamu wanaokwenda mbali zaidi, wanasema madina ya kale, kwenye Kiaramu, ilikuwa ni eneo lililo chini ya hukumu ya mtu fulani, na mzizi huo ndio wa "dini" na hata wa "deni". Waisraeli leo dola yao wanaiita medina. Kwa hiyo unakaa meza moja na dini, deni na utamaduni. Ukoo mkubwa huo.

Pili, na hili ndilo lililonifanya niandike. Ustadhi amesema Waarabu mji wanauwekea "al". Mzee wa Serdika amesema Wabulgaria wanahamisha mkazo. Sisi hatuna hilo wala lile. Je, tunachanganyikiwa? Hata kidogo. Tuna upatanisho wa kisarufi, yaani kitenzi kinamfuata anayetajwa, na upatanisho haulali.

Madina amelala. Huyo ni mtu, amechoka, msimwamshe.
Madina imelala. Huo ni mji, usiku umeingia, maduka yamefungwa.

Nakwenda Madina: tafuta pasi ya kusafiria. Nakwenda kwa Madina: nunua kilo ya sukari, usiende mikono mitupu.

Madina kuna joto: vaa nguo nyepesi. Madina ana joto: mpeleke akapimwe malaria.

Mfano wa nyumbani ni Moshi. Moshi unapanda, ni jikoni. Moshi imepanda, timu yao imeingia daraja la juu. Moshi amepanda, basi limeondoka na jirani yangu ndani. Maana tatu, viambishi vitatu, na mtoto wa darasa la tatu hakosei.

Sasa kijana wa ofisini kwako alikosea kwa sababu fomu haina viambishi. Fomu ni visanduku tu. Ukimpa neno tupu bila kitenzi, atajuaje kama ni mtu au mji?

Chuma Chakavu

Mwalimu, nakubali. Hii ya "nakwenda kwa Madina" naichukua.

Mwalimu Mstaafu

Ichukue. Halafu dada Madina, nina swali dogo nalo, kama si kukuingilia mambo ya familia. Umeandika kuwa bibi yako alisema "Madina amefika". Una hakika na hiyo "a"?

Bint Muheza

Mwalimu, ndivyo nilivyosimuliwa. Sikuwepo. Yaani nilikuwepo, ila nilikuwa na siku moja.

Mvita Asilia

Mwalimu huyu, mashallah, jicho lake haliachi kitu.

Ustadhi wa Kona

Nami nimeiona hiyo "a" sasa. Kuna mama yako, dada, au shangazi? Waulize.

Nesi wa Zamu

Naenda nyumbani kulala. Nikiamka nataka nikute jibu.

Marwa wa Masikati

Sisi wa Masikati tunakesha.

Bint Muheza

Nimempigia mama. Simu yake inasikika akiwa nje tu, kwa hiyo alisimama chini ya mchungwa, mmoja wa ile ya babu, imebaki michache. Nikamwambia, mama, siku niliyozaliwa bibi alisema Madina amefika, siyo? Akasema ndiyo. Nikamwambia, hebu kumbuka vizuri, alisema amefika au imefika?

Akanyamaza. Nikadhani mtandao umekata.

Akaniambia, "Umeyapata wapi hayo?" Nikamwambia kuna mwalimu kaniuliza. Akasema, bibi yako alikupakata pale mlangoni, akaelekea ukutani ilipokuwa kofia ya babu yako, akasema: "Mume wangu, Madina imefika." Shangazi yako akamsahihisha bibi palepale, akamwambia, "Mama, sema amefika, huyu ni mtu." Bibi akamjibu, "Najua ninachosema."

Halafu watu wakawa wanasimulia kama alivyosahihisha shangazi.

Mwalimu Mstaafu

Nimeiweka chaki chini.

Kobe wa Chole

Mimi leo sina utani.

Mzee wa Serdika

Allah amlaze pema bibi. Mimi hapa macho yana vumbi.

Nesi wa Zamu

Nimeamka nimelikuta. Nimempigia mama Florence, nimemwambia nampenda, ameniuliza kama naumwa.

Bint Muheza

Nawashukuru wote, hata Chuma.

Mrejesho: leo nimerudi ofisini kuchukua fomu iliyosahihishwa. Mahali pa kuzaliwa kaandika Muheza, sahihi kabisa. Jina la kwanza kaandika Mdina.

Pwani Mchanga

Dada, huyo kakupeleka Malta.